Wazigua waliorudi Handeni: Nini humfanya mkimbizi awe mwenyeji?

MSAFIRI anayetoka Bagamoyo kwenda Tanga kwa barabara hupita Msata, huvuka Mto Wami karibu na Mandera, huiacha Mbwewe nyuma na hatimaye huingia Mkata, wilayani Handeni. Kuanzia hapo Kizigua husikika sokoni na kwenye vituo vya mabasi, kwa kuwa hiyo ndiyo nchi ya Wazigua tangu zamani.

Hata hivyo, wapo wasemaji wa Kizigua wilayani humo ambao wao wenyewe, au wazazi wao, walizaliwa Somalia. Ni watu wa Chogo, makazi yaliyoanzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya wakimbizi waliokimbia vita nchini humo. Walipoingia Tanzania miaka ya 1990 waliandikishwa kuwa Wasomali. Wao walijieleza kuwa ni Wazigua wanaorejea kwao, baada ya wazee wao kuondoka zaidi ya miaka 150 kabla.

Historia ya watu hao inajibu swali linaloulizwa kila mahali wakimbizi wanapopokelewa: ni kitu gani hasa kinachoiwezesha familia iliyofika mikono mitupu kuwa sehemu ya wenyeji? Chakula cha msaada hakitoshi kuwa jibu, kwa sababu wapo wakimbizi waliokula chakula hicho kwa miaka mingi na bado wakabaki wageni. Ndugu hao waligawanywa na vita, wengine wakaja Handeni na wengine wakapelekwa katika miji ya Marekani. Ukifuatilia yaliyowapata pande zote mbili, jibu huanza kuonekana.

Walivyofika Somalia

Katika miaka ya 1830 ukame na njaa kali viliikumba nchi ya Wazigua. Masimulizi waliyorithishana huko Somalia yanasema kuwa wazee wao walihadaiwa. Waliahidiwa kazi na chakula ng'ambo, wakapanda vyombo, na waliposhuka katika pwani ya Benadir wakajikuta wameuzwa. Bandari za Barawa, Marka na Mogadishu zilikuwa zikipokea watumwa wa kulima mashamba ya kando ya Mto Shebelle.

Baadhi yao walitoroka. Masimulizi hayo humtaja mwanamke aliyeitwa Wanakhucha kuwa ndiye aliyewaongoza kuelekea kusini kwa nia ya kurejea kwao kwa miguu. Walifika katika bonde la Mto Juba, eneo la misitu lililoitwa Gosha, wakalowea. Huko walikata msitu, wakalima mahindi na ufuta, na wakaungana na watumwa wengine waliotoroka, wakiwamo Wayao, Wamakua na Wanyasa.

Wengi kati ya watu hao wenye asili mbalimbali walizama katika lugha ya Kimaay ya majirani zao. Wazigua walishika lugha yao. Wasomali wakawaita Wamushunguli, jina linalodhaniwa kutokana na neno Mzigua, na lugha yao ikavuka vizazi vitano au sita bila shule wala kitabu.

Heshima, hata hivyo, hawakuipata. Waliitwa "jareer", yaani wenye nywele ngumu, na katika jamii inayomtambua mtu kwa ukoo wake walihesabiwa kuwa watu wasio na ukoo wa kuwatetea. Sheria ya ardhi ya mwaka 1975 iliyotaka mashamba yaandikishwe serikalini ilitoa mwanya kwa wenye vyeo na fedha kujiandikishia mashamba ya wakulima wa Juba waliokuwa hawana hati. Hapo ndipo udhaifu wao ulipodhihirika: walikuwa na ardhi na walikuwa na jamaa, lakini hawakuwa na karatasi wala dola ya kuilinda karatasi hiyo.

Bagamoyo nayo ilipokea wageni

Wakati wajukuu wa Wanakhucha wakilima Gosha, pwani ya Bagamoyo ilikuwa na jaribio lake la kuwapa makazi watu waliotokana na biashara ileile. Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar chini ya Padri Antoine Horner, wakaanzisha misheni kaskazini kidogo ya mji. Walikuja na watoto waliokombolewa utumwani, na baadaye wakapokea wengine waliookolewa na meli za doria za Waingereza.

Watoto hao walifundishwa useremala, uashi, uhunzi na kilimo. Walipokua waliozana, na kila familia ikapewa nyumba na kipande cha shamba katika kijiji kilichojulikana kuwa kijiji cha uhuru. Kazi haikuwa nyepesi. Kipindupindu kiliwapiga mara baada ya kuanza, na tufani ya Aprili 1872 ikabomoa sehemu kubwa ya majengo. Wakajenga tena.

Wamisionari walipokwenda bara kuanzisha vituo vipya, Mhonda mwaka 1877 na Mandera mwaka 1881, walichukua familia kutoka Bagamoyo ziwe msingi wa vijiji vya huko. Mandera hiyo ndiyo ileile inayopitwa na magari ya Tanga leo, mpakani mwa Wakwere na Wazigua.

Jaribio hilo liliwapa watu nyumba, shamba, ufundi na mwenzi wa maisha. Lakini liliwapa kwa masharti. Kengele ya misheni ndiyo iliyopanga siku, ndoa zilipata baraka za mapadri, na kuhama kutoka kijiji hadi kijiji kulitegemea mpango wa misheni. Kati ya waliokombolewa, wapo waliokaa na kuzaa Wakristo wa kwanza wa pwani hii, na wapo walioondoka kutafuta maisha wanayoyatawala wenyewe. Mwenye kutoa makazi hupenda pia kupanga namna ya kukaa, na jambo hilo limeendelea kuonekana hadi nyakati zetu.

Vita na safari ya kurudi

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, bonde la Juba likawa njia ya majeshi ya koo zinazopigana. Wakulima wasio na ukoo wenye silaha walikuwa windo rahisi. Maghala yao ya nafaka yaliporwa, wanaume waliuawa, wanawake walibakwa, na njaa ikafuata.

Makumi ya maelfu walikimbilia Kenya na kuwekwa katika kambi za Dadaab. Kundi dogo zaidi, wengi wao Wazigua, halikutaka kuishia hapo. Baadhi walipanda majahazi na kuteremka na pwani hadi Tanzania, wakiitafuta nchi iliyotajwa katika hadithi za bibi zao. Serikali iliwaweka katika kambi ya Mkuyu, wilayani Handeni.

Kwa mtu wa nje hiyo ilikuwa kambi kama nyingine. Kwa wenyeji wa Handeni lilikuwa jambo la ajabu, kwa sababu wageni hao wenye vyeti vya ukimbizi wa Somalia walizungumza Kizigua kinachoeleweka, ingawa kilikuwa na lafudhi yake na maneno kadhaa ya Kisomali. Walitaja majina ya koo ambazo bado zipo Handeni.

Chogo: Ardhi kwanza, hati baadaye

Kambi ya Mkuyu iliwahifadhi kwa miaka kadhaa, lakini kambi haijengi makazi. Mkimbizi wa kambini hupewa mgao, haruhusiwi kwenda apendako, na hapandi mwembe kwa kuwa hajui kama atakuwapo utakapozaa.

Hatua ya kwanza ya mabadiliko ilikuwa kuwahamishia Chogo mwaka 2003, ambako Serikali ilitenga ardhi ya kujenga na kulima. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilisaidia kuweka huduma za msingi. Tofauti na kambi, makazi hayo yalipangwa yawe kijiji, na mtu alitarajiwa kula alicholima.

Hatua ya pili ilikuwa uraia. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamruhusu mgeni kuomba uraia wa tajnisi iwapo ameishi nchini kwa muda uliowekwa, ana mwenendo mwema, anajua Kiswahili au Kiingereza, na yupo tayari kuukana uraia wake wa awali, kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Sharti la Kiswahili halikuwa gumu kwa watu hawa. Sharti la kuukana uraia wa Somalia lilikuwa rahisi zaidi, maana nchi hiyo haikuwahi kuwatendea kama raia kamili.

Maombi yalishughulikiwa kidogo kidogo, na kufikia mwaka 2009 zaidi ya watu 1,000 kati ya takriban 3,000 wa Chogo walikuwa wamepata uraia. Kwa mtu ambaye babu yake alinyang'anywa shamba la Juba kwa kukosa karatasi, cheti hicho si pambo la kutundika ukutani. Kinamwezesha kupiga kura, kugombea uongozi wa kijiji, kusafiri bila kibali, na kusimama mbele ya baraza la ardhi akiwa na haki sawa na jirani yake.

Jambo la tatu halikutolewa na ofisi yoyote. Wakimbizi wa Chogo walifika mahali ambapo jirani anawaelewa. Mama anayeuliza bei ya unga au anayepeleka mtoto kwa mganga hakuhitaji mkalimani. Haina maana kwamba hapakuwa na msuguano, kwani dini, desturi na mashaka ya wenyeji kuhusu ardhi huleta maneno kila mahali wageni wanapopewa mashamba. Lakini ugomvi unaosemwa kwa lugha moja una njia ya kumalizwa.

Waliokwenda Marekani

Ndugu zao waliobaki Dadaab walipita njia nyingine. Waliomba kwanza kupelekwa Tanzania, kisha Msumbiji, nchi ambazo ndizo asili ya wengi wao. Mipango hiyo haikufanikiwa kwa kundi hilo kubwa. Mwaka 1999 Marekani ikakubali kuwapokea takriban watu 12,000.

Kwa kuwa Dadaab ilikuwa karibu na mpaka na usalama wake ulikuwa mdogo, mwaka 2002 watu hao walisafirishwa kwa mabasi kiasi cha kilometa 1,500 hadi kambi ya Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, ili wahojiwe. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) liliwapa mafunzo ya maisha ya huko: kupanda ngazi, kuwasha jiko la umeme, kutumia choo cha maji, kuvumilia baridi. Mwanamume mwenye wake wawili alilazimika kumtambua mmoja tu, kwa kuwa sheria ya Marekani haiutambui uke wenza. Familia zilizopona vita zikagawanyika mezani pa usaili.

Safari zilianza mwaka 2003. Watu hao walisambazwa katika miji ipatayo 50. Si kila mji uliwataka: Holyoke katika jimbo la Massachusetts na Cayce katika jimbo la South Carolina ilionyesha upinzani kabla hata hawajafika.

Utaratibu wa Marekani una ratiba ya haraka. Wakala wa mapokezi huikuta familia uwanja wa ndege, huipangishia nyumba, huiandikisha watoto shule na humtafutia mzazi kazi. Huduma hiyo ya mwanzo huhesabiwa kwa siku, kati ya 30 na 90, na baada ya hapo familia hutarajiwa kujitegemea. Nauli ya ndege yenyewe ni mkopo unaopaswa kulipwa. Kwa mkulima asiyejua kusoma, asiyejua Kiingereza na mwenye watoto saba, ratiba hiyo ilikuwa kama kufundishwa kuogelea katikati ya mkondo.

Kitu kimoja walikipata ambacho hawakuwahi kuwa nacho: hati. Mkimbizi aliyepokelewa Marekani huruhusiwa kufanya kazi tangu siku ya kwanza, na baada ya miaka mitano huweza kuomba uraia. Walichonyimwa ni jamaa, kwa kuwa mpango wa kuwasambaza uliwaacha wengine peke yao katika mtaa usio na mtu wa kusalimiana naye.

Wakakirekebisha wao wenyewe. Kwa simu na kwa mabasi walianza kufuatana kutoka mji hadi mji. Mfano unaojulikana zaidi ni Lewiston, mji wa watu wapatao 36,000 katika jimbo la Maine, ambako viwanda vya nguo vilifungwa na nyumba zikabaki tupu. Wasomali wengine walikuwa wametangulia kufika huko kuanzia mwaka 2001, na Oktoba 2002 meya wa mji aliandika barua ya wazi akiwataka wapunguze kasi ya kuhamia. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kilipokuja kuandamana dhidi yao, maelfu ya wakazi walikusanyika kuwaunga mkono wageni.

Ni katika mji huo ambapo mwanaanthropolojia Catherine Besteman, aliyeishi katika kijiji cha Banta bondeni Juba mwaka 1987 na 1988, alikutana tena mwaka 2006 na watu aliowafahamu kijijini. Watu wa kijiji kimoja cha Afrika Mashariki walikuwa wamejikusanya upya katika mji wa theluji, bila mpango wa serikali yoyote. Waliunda chama chao cha jamii, wakatafuta mashamba ya kukodi na kurudia kilimo cha mahindi, wakawa wakalimani wa wenzao hospitalini na shuleni.

Mjini bila hati

Upo pia mfano wa karibu zaidi unaoonyesha hali iliyo kinyume cha hiyo. Katika miaka ya 1990 vijana wa Kirundi waliozaliwa au kukulia katika makazi ya wakimbizi magharibi mwa Tanzania walitoroka na kuingia Dar es Salaam. Mtafiti Marc Sommers aliishi nao na kuandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 2001.

Wengi wao walikuwa mafundi cherehani. Walilala walimoshonea, wakajifunza Kiswahili cha mjini na kuficha asili yao, kwa kuwa sheria ilimtaka mkimbizi akae katika eneo alilotengewa. Walikuwa na kazi, na walikuwa na jamaa katika makanisa ya Kipentekoste yaliyowasaidia kuingia na kujikimu mjini. Hawakuwa na hati, na kwa hiyo hofu iliendelea kuwatawala. Mtu anayeogopa kutaja alikozaliwa hawezi kujenga jirani.

Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na kupewa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walifika mbele zaidi. Mwaka 2010 Tanzania ilikubali maombi ya uraia ya zaidi ya watu 162,000 kati yao, hatua isiyo ya kawaida duniani. Lakini vyeti vilizuiliwa, kwa kuwa mpango ulitaka wahame kwanza kutoka makazi hayo na kutawanywa katika mikoa mingine. Wananchi wapya wakabaki miaka minne wakiwa si wakimbizi wala raia, wakiogopa kujenga nyumba ya kudumu. Mpango wa kuwatawanya uliachwa, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014.

Somo kwa wanaopokea

Ukiiweka mifano hii pamoja, jibu la swali la mwanzo linajitokeza. Familia hutulia inapokuwa na mahali pa kujipatia riziki, hati inayotambuliwa na dola, na watu wa kuishi nao kwa hiari yake. Wakulima wa Juba walikosa hati, wakapokonywa mashamba. Familia za kijiji cha uhuru cha Bagamoyo zilipewa shamba, lakini hazikuachiwa kuchagua namna ya kuishi. Mafundi cherehani wa Dar es Salaam walikuwa na kazi na jamaa, wakaishi mafichoni. Waliotawanywa Marekani walipewa hati, na ilibidi watumie miaka kutafutana.

Kosa linalojirudia ni la kudhani kwamba wakimbizi wanaoishi pamoja hawatachanganyika na wenyeji. Chogo na Lewiston zinaonyesha vinginevyo. Mtu aliyezungukwa na jamaa zake ndiye anayepata ujasiri wa kwenda sokoni, kuhudhuria mkutano wa shule na kubisha hodi kwa jirani asiyemfahamu. Kumtenga na wenzake ili "azoee haraka" kumewafanya wengi wajifungie ndani.

Tanzania ina sifa katika jambo hili. Mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alitunukiwa Tuzo ya Nansen ya UNHCR kwa namna nchi yake ilivyowapokea wakimbizi. Sera zilibadilika baadaye, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ikaegemea zaidi makambi. Kwa upande wake, Marekani iliyowapokea Wazigua wa Dadaab ilisimamisha mpango wake wa wakimbizi Januari 2025, na ndugu waliokuwa wakisubiri kuungana na jamaa zao wakabaki kambini. Milango ya mbali inapofungwa, namna nchi jirani zinavyopokea huwa na uzito mkubwa zaidi.

Wazigua wa Chogo walikuwa na bahati ambayo wakimbizi wengi hawana, kwani walifika mahali ambapo lugha yao ilikuwa ikiwasubiri. Ardhi na vyeti walivyopewa havikuwa bahati. Vilitokana na uamuzi wa Serikali ambao unaweza kufanywa tena, kwa watu wengine, hata wale ambao babu zao hawakuwahi kuliona bonde la Wami.